Namna ya Kuandaa Kipindi cha Redio Kuhusu Historia ya CMT, Televisheni ya Video za Kantri

Wapenzi wa muziki wa kantri mkoani Tabora ni wengi kuliko vijana wa studio wanavyodhani, na wengi wao waliufahamu kupitia redio na kaseti, wakazizoea sauti za Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton kabla ya kuziona sura zao. Mtangazaji wa redio ya jamii anayetaka kuwaeleza historia ya CMT, yaani Country Music Television ya Marekani, anakabiliwa na ugumu mmoja ulio wazi: anasimulia habari za picha kwa watu ambao hawaoni chochote. Ugumu huo haumalizwi kwa kupiga nyimbo nyingi. Unamalizwa kwa kuchagua uzi mmoja wa simulizi kabla ya kuandika hata sentensi ya kwanza, na ushauri wangu ni kwamba uzi huo uwe umiliki: nani aliishika chaneli hiyo, aliinunua lini, na alipoishika aliruhusu nini kionekane.

Uanze na tarehe, kisha uitafsiri tarehe hiyo kwa saa zetu. Chaneli ilianzishwa na Glenn D. Daniels, ikarushwa kutoka mji wa Hendersonville katika jimbo la Tennessee, Machi 5, 1983, saa 12 na dakika 19 jioni kwa saa za huko. Kwa Afrika Mashariki hiyo ilikuwa saa 9 na dakika 19 usiku wa kuamkia Machi 6. Msikilizaji wa Urambo au Nzega akisikia hivyo atajiuliza mara moja kwa nini hakuna mtu wa rika lake aliyewahi kuitaja, kwa hiyo umjibu hapo hapo: Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi 1994. Siku mbili baada ya CMT, yaani Machi 7, 1983, ikazinduliwa chaneli nyingine ya kantri, The Nashville Network, iliyojulikana zaidi kama TNN. Tofauti yao ieleweke mapema, kwa sababu simulizi yote inaitegemea. TNN ilichanganya muziki na mazungumzo, mapishi na mbio za magari, ilhali CMT ilikuwa ya video za muziki mchana na usiku.

Katika siku zake za mwanzo CMT iliitwa CMTV. MTV, chaneli ya Marekani ya video za muziki iliyokuwa imeanza Agosti 1, 1981, ililalamika kwamba jina hilo lilifanana mno na lake, na herufi ya mwisho ikaondolewa. Usiipite habari hii haraka. Uisome taratibu, na ikiwezekana urudie jina la MTV mara mbili, kwa kuwa msikilizaji atalihitaji tena utakapofika mwaka 2000.

Mwaka 1991 CMT ilinunuliwa na kampuni ya Gaylord Entertainment, ambayo tayari ilikuwa inamiliki TNN pamoja na Grand Ole Opry. Opry inahitaji sentensi chache za ufafanuzi, nazo zitawafurahisha wasikilizaji wako kwa sababu Opry ni zao la redio: ni onyesho la jukwaani lililoanza mwaka 1925 kupitia kituo cha WSM cha Nashville. Kuanzia hapo nyumba moja ilishika jukwaa na chaneli zote mbili kubwa za kantri. Mwimbaji ambaye video yake ilikataliwa na nyumba hiyo hakuwa na mlango mwingine mkubwa wa kubisha.

Hapo ndipo pa kutulia na kutumia muda mwingi zaidi. Mwaka huo huo wa 1991 Garth Brooks alitoa video ya wimbo wake The Thunder Rolls, inayoonyesha mume anayetoka kwa mwanamke mwingine, anampiga mkewe, na mwishowe anapigwa risasi na mkewe huyo. Brooks mwenyewe aliigiza nafasi ya mume, akiwa amevaa nywele na ndevu za bandia. TNN na CMT ziliacha kuionyesha, lakini mwaka huo huo chama cha muziki wa kantri cha Marekani, CMA, kiliipa tuzo ya video bora ya mwaka. Uieleze video hiyo tukio baada ya tukio, kwa sentensi fupi, bila kuweka muziki chini ya sauti yako, kwa maana msikilizaji anayejenga picha kichwani husumbuliwa na gitaa. Kwa kuwa jambo lenyewe ni ukatili wa ndani ya nyumba, kipindi kisirushwe saa ambazo watoto wako macho, na ni vyema ukamwalika afisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi azungumze baada ya simulizi. Sioni sababu ya kumpa mgeni huyo dakika mbili za kuigiza heshima. Apewe muda wa kutosha au asialikwe kabisa.

Tawi la CMT la Ulaya, lililodumu tangu 1992 hadi 1998, linatosha kutajwa kwa sentensi moja. Kisa cha Kanada kinastahili zaidi. Mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo, CRTC, ilitoa leseni kwa chaneli ya kantri ya nyumbani, na Januari 1995 CMT ikaondolewa kwenye mitambo ya kebo ya Kanada. CMT ililipiza kwa kuacha kuonyesha video za wasanii wa Kanada wasio na mikataba na kampuni za Marekani, na mgogoro ukafika ngazi ya serikali hizo mbili. Suluhu ilipatikana kwa CMT kupewa hisa katika chaneli ile mpya, ambayo nayo ikachukua jina la CMT. Msikilizaji anayefahamu mabishano yetu kuhusu kiasi cha muziki wa nyumbani kinachopaswa kupigwa redioni atakielewa kisa hiki bila maelezo ya ziada.

Kisha urudi kwenye umiliki. Mwaka 1997 Westinghouse, wenye televisheni ya CBS, walinunua TNN na CMT kwa takriban dola bilioni 1.55. Mwaka 2000 CBS iliunganishwa na Viacom, wenye MTV, na hivyo chaneli iliyolazimishwa kuacha herufi yake ikajikuta chini ya paa moja na aliyeilazimisha. Baada ya hapo njia zikaachana, kama reli inavyogawanyika Tabora kuelekea Mwanza na Kigoma: TNN iliacha kantri, ikawa The National Network, na mwaka 2003 ikageuzwa kuwa Spike TV. CMT ilibaki na kantri kwa jina na kwa tuzo zake za kila mwaka, ingawa video zilizidi kupungua huku vipindi vya maisha halisi na tamthilia vikiongezeka. Binafsi naona mgeuko huu una uzito kuliko orodha ya washindi wa tuzo, ambayo humchosha msikilizaji.

Kabla ya siku ya kurusha, uhakikishe kituo chako kina kibali cha hakimiliki kwa nyimbo utakazopiga, na uyasome majina ya Kiingereza kwa sauti mbele ya fundi mitambo hadi ulimi uyazoee. Ukifungua simu, mzee mmoja kutoka Kaliua au Sikonge hatakosa kuuliza kama CMT ilimwonyesha Jim Reeves akiimba. Uwe na jibu tayari: Reeves alifariki katika ajali ya ndege Julai 31, 1964, karibu miaka 19 kabla ya chaneli hiyo kuanza, kwa hiyo hakuwahi kutengeneza video kwa ajili yake. Ukishamjibu, umpigie wimbo wake.