Mambo ya kuzingatia kabla ya kufungua taarifa ya mwaka ya idara ya haki: mfano wa jimbo la Victoria, Australia

Kila mwaka, kabla Oktoba haijaisha, idara inayosimamia magereza ya jimbo la Victoria hupeleka bungeni taarifa ya kazi zake za mwaka mzima. Jina lake rasmi ni Idara ya Haki na Usalama wa Jamii. Taarifa yenyewe ni kitabu kinene, sehemu kubwa yake ni hesabu za fedha, na imeandikwa na yuleyule anayetakiwa kujieleza. Mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari au mzazi aliyehamia Melbourne kutoka Kongo au Burundi, ambaye ana kijana wake mikononi mwa idara hii, anaweza kuisoma mpaka mwisho na asipate alichokifuata. Anayejiandaa hupata mengi. Maandalizi hayo yanachukua siku moja au mbili, na karibu yote hufanyika taarifa ikiwa bado imefungwa.

La kwanza, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: tafuta bajeti ya mwaka unaohusika kabla ya taarifa. Mwaka wa fedha wa Victoria huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, sawa na wa Tanzania, Kenya na Uganda. Bajeti kwa kawaida husomwa Mei, na pamoja nayo hutoka kitabu kinachoeleza kila idara imeahidi kufanya nini kwa fedha inayopewa (tangu bajeti ya 2024/25 kinaitwa Department Performance Statement, kabla ya hapo maelezo hayo yalikuwa katika kitabu cha tatu cha bajeti). Ahadi hizo hupimwa kwa wingi, kwa ubora, kwa muda na kwa gharama. Kwa hiyo taarifa iliyotoka Oktoba 2025 inajibu ahadi zilizoandikwa Mei 2024. Kati ya ahadi na jibu imepita miezi 17, na katika muda huo waziri anaweza kubadilishwa, sheria ikarekebishwa, na hata kipimo chenyewe kikafutwa. Nyuma ya kitabu hichohicho kuna orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kuondolewa au kubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Ipitie. Kipimo kilichokuwa kikimwonyesha mtu vibaya kwa miaka mfululizo kisha kikatoweka kinastahili swali kuliko kipimo kilichofikiwa.

Ukiwa na ahadi mkononi, jedwali la taarifa linakuwa jepesi. Kila mstari una jina la kipimo, lengo, matokeo halisi, tofauti kwa asilimia, na alama. Lengo lisipofikiwa lakini tofauti ikawa ndogo, chini ya asilimia 5, alama ni moja. Tofauti ikizidi hapo, alama ni nyingine, na idara hutakiwa kueleza sababu. Soma maelezo hayo neno kwa neno, maana humo ndimo idara inaposema kwa sauti yake. Yapo maelezo yanayotaja sababu halisi, kwamba kwa mfano askari magereza walipungua na programu za mafunzo zikasimama. Na yapo yanayorudia tarakimu kwa maneno: matokeo ni madogo kuliko lengo kwa sababu mahitaji yalikuwa madogo kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo ya aina hiyo ya pili yawekee alama kwa kalamu, halafu angalia mwaka uliotangulia kama hayakuwa yaleyale.

La pili ni kujua nyumba hii ina vyumba gani. Watu wengi hufungua taarifa ya idara ya haki wakitafuta mahakama, wakakosa. Tangu Julai 1, 2014, mahakama za Victoria zinasimamiwa na taasisi yake, Court Services Victoria, ambayo ina taarifa yake na wala haiwajibiki kwa katibu wa idara. Mwendesha mashtaka wa umma ana taarifa yake, msaada wa kisheria una yake, polisi nao vilevile. Wanaobaki ndani ya idara ni magereza na vifungo vya nje, ukusanyaji wa faini, huduma kwa waathirika wa uhalifu na nyinginezo. Huduma za watoto wenye kesi za jinai ziliingia humo mwaka 2017 zikitoka idara ya afya na huduma za jamii. Usajili wa vizazi, vifo na ndoa ulitoka mwanzoni mwa 2023, ukaenda idara mpya ya huduma za serikali. Jina la sasa la idara limeanza Januari 2019. Bila kujua uhamaji huo utalinganisha bajeti ya 2016 na ya 2024 na kudhani serikali imeongeza fedha za magereza, kumbe imeongeza shughuli.

Kama shida yako hasa ni ucheleweshaji wa kesi, basi chukua taarifa ya mahakama, lakini jiandae na hesabu ndogo. Kipimo kinachopendwa ni uwiano wa kesi zilizomalizika kwa zilizofunguliwa. Tuseme mahakama imefungua kesi 1,000 na kumaliza kesi 1,000. Uwiano ni asilimia 100 na inaonekana imefanya vizuri. Ila kama ilianza mwaka na mlundikano wa kesi 4,000, imeumaliza mwaka na kesi 4,000 zilezile kwa idadi. Ndiyo sababu mizani ya kitaifa Australia inaongeza umri wa kesi: katika kesi za jinai za mahakama za juu, zinazosubiri kwa zaidi ya miezi 12 zisizidi asilimia 10, na isiwepo hata moja iliyopita miezi 24. Uliza umri wa kesi kabla ya kuuliza kesi ngapi. Mtu aliyeko mahabusu hasubiri uwiano, anasubiri tarehe.

Sasa magereza, ambako nakushauri utumie muda wako mwingi. Kuna kipimo kimoja kinachonukuliwa kila mahali: asilimia ya wafungwa waliorudi gerezani ndani ya miaka miwili. Kabla ya kukinukuu, fahamu kwamba takwimu ya mwaka wa fedha 2024/25 haiwahusu watu waliotoka mwaka huo. Inawahusu waliotoka 2022/23, ndipo miaka miwili ikatimia. Programu mpya iliyozinduliwa mwaka huu kwa shangwe haiwezi kusifiwa wala kulaumiwa kwa namba hiyo. Tena inahesabu waliorudi kwa hukumu mpya. Aliyekamatwa akakaa mahabusu miezi minane kisha akaachiwa bila hukumu hayumo, ingawa kitanda alikilalia na watoto wake walikaa bila mzazi. Kwa hiyo asilimia hiyo inaweza kushuka wakati idadi ya wanaoingia na kutoka magerezani inapanda.

Hapo ndipo sheria ya dhamana inapoingia, na bila kuijua usiguse takwimu za magereza za Victoria. Mwaka 2018 dhamana ilikazwa, baada ya mtu aliyekuwa nje kwa dhamana kuwagonga watu kwa gari katika barabara ya Bourke mjini Melbourne, Januari 2017. Machi 2024 ikalegezwa kwa makosa madogo. Mwaka 2025 ikakazwa tena. Kila badiliko linaonekana kwenye idadi ya mahabusu hata kama uhalifu haukusogea. Idara haitungi sheria hiyo wala haimpi mtu dhamana, inapokea anayeletwa. Andika tarehe hizo kwenye karatasi na uziweke pembeni ya jedwali. Wakati wa UVIKO-19 idadi ya wafungwa wa jimbo ilishuka sana, na ukiangalia gharama ya mfungwa mmoja kwa siku utaona ilipanda. Si lazima kuwa ni ubadhirifu. Ukuta, umeme na zamu za askari hugharimu karibu kilekile gereza likiwa limejaa au lina nafasi, na gharama hiyo ikigawanywa kwa watu wachache kila mmoja anaonekana ghali. Kinyume chake ni cha kuogopa zaidi: gereza lililojaa kupita kiasi huonekana limebana matumizi.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Tanzania, aliyezoea kusubiri ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) kila Aprili, anaweza kulipita haraka kwa mazoea. Hesabu za idara hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Victoria na barua yake imo ndani ya taarifa. Ukikuta hati safi, ujue ni hati ya fedha. Jedwali la utendaji, lile lenye malengo na matokeo, halina hati yake. Idara imejipima, ikajiandikia alama. Australia Magharibi wanafanya tofauti: kule Mkaguzi Mkuu hutoa maoni pia juu ya viashiria vya utendaji vya idara, palepale kwenye taarifa ileile. Naona hilo ni jambo kubwa, na sioni kwa nini majimbo mengine yasiige. Mpaka waige, tafuta ripoti za peke yake ambazo Mkaguzi Mkuu wa Victoria amekuwa akizitoa kuhusu namna idara zinavyoripoti huduma zao, uzisome kabla.

Kwenye hesabu zenyewe usijaribu kusoma kila ukurasa. Nenda kwenye maelezo ya nyuma. Kuna sehemu ya fedha ambazo idara inazishika kwa niaba ya serikali. Faini zimo humo. Idara inazikusanya lakini si mapato yake, zinakwenda Mfuko Mkuu wa serikali, kwa hiyo anayesema idara imetajirika kwa faini hajafika ukurasa huo. Kuna sehemu ya madeni yanayoweza kutokea, na humo hutajwa kesi ambazo huenda serikali ikalipa fidia. Mara nyingi ni aya fupi isiyo na kiasi, lakini aya hiyo ikiongeza sentensi kutoka mwaka hadi mwaka, kuna jambo. Halafu orodha ya washauri wa nje: kila mkataba wa ushauri wa kuanzia dola 10,000 hutajwa kwa jina la mshauri, kazi na kiasi.

Kuhusu wenyeji wa asili wa Australia, njoo na historia yako. Tume ya kifalme iliyochunguza vifo vyao vizuizini ilichunguza vifo 99 na kutoa mapendekezo 339 mwaka 1991. Leo wao ni karibu asilimia 4 ya wakazi wa nchi na zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walio magerezani. Makubaliano ya kitaifa ya mwaka 2020 yanataka kiwango cha kufungwa kwao kishuke kwa angalau asilimia 15 ifikapo 2031, na kwa vijana angalau asilimia 30. Tazama kama taarifa inasema iko wapi kuelekea namba hizo au inaeleza mikutano na sherehe tu. Sherehe zina maana kwa jamii yenyewe, sizibezi. Ila haziwezi kusimama mahali pa kiwango cha kufungwa. Na kama mtu alifia kizuizini, usitarajie sababu katika taarifa ya mwaka uleule, kwa kuwa hakimu mchunguzi wa vifo anaweza kuchukua miaka kufikia uamuzi. Ukitaka kujua idara ilifanya nini baada ya mapendekezo yake, chukua mapendekezo hayo kwanza, ndipo ufungue taarifa ya miaka iliyofuata.

Weka pia mezani maandishi ya watu wasio idara. Mwishoni mwa Januari Tume ya Tija ya Australia hutoa ripoti ya huduma za serikali, inayopanga majimbo yote kwa kipimo kimoja: saa ambazo wafungwa wako nje ya seli, wangapi wako kwenye elimu, vifo, waliotoroka. Saa za nje ya seli zisome kwa makini. Askari wakikosekana milango haifunguliwi, na namba hiyo hulisema hilo kabla kitabu cha idara hakijalikiri. Kamati ya Hesabu na Makadirio ya Umma ya bunge la Victoria nayo humwita waziri na katibu kuwahoji, kwanza kuhusu bajeti, kisha kuhusu matokeo. Kumbukumbu za mahojiano hayo huwekwa wazi kwa kila mtu, pamoja na majibu ya maandishi kwa maswali yaliyoshindikana kujibiwa papo hapo. Ni kawaida taarifa nyingi za serikali kuwasilishwa bungeni siku moja, zikazimana zenyewe kwa wingi wao, na magazeti yakashika mbili tatu tu. Kumbukumbu za kamati zinasaidia kurudisha macho kwenye ile iliyopitwa.

Mwisho wa maandalizi, andika maswali yako, matatu au manne, yakiwa na jina la gereza au la huduma, mwaka, na kipimo. Yale ambayo taarifa haitayajibu yapeleke idarani kwa sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 1982. Jibu hutakiwa kutolewa ndani ya siku 30, ingawa muda huo unaweza kuongezwa. Usiombe «nyaraka zote kuhusu mahabusu», maana ombi pana hukataliwa kwa kuwa litachukua muda mwingi wa watumishi. Omba idadi ya siku ambazo wafungwa walifungiwa seli mchana kwa uhaba wa askari, gereza moja, Julai mpaka Juni, kwa kila mwezi.