Ukienda Everglades City Februari kula magando ya kaa, fanya hivi

Wadau mlioko Florida, au mnaokuja kusalimia ndugu kipindi cha baridi, Februari msiishie Miami tu. Chukua barabara ya zamani ya US 41, ile wanayoiita Tamiami Trail, elekea magharibi kama kilomita 130 hivi, ukikuta barabara ya 29 kata kushoto, inakuingiza moja kwa moja Everglades City. Ni kamji kadogo sana, sensa ya 2020 haikufikisha hata watu 400, shule ni moja tu kuanzia chekechea mpaka kidato cha mwisho, na maisha ya pale ni uvuvi. Sasa huko ndiko kuna tamasha la vyakula vya baharini ambalo wikendi moja tu linajaza watu maelfu, na wanaolibeba ni wenyeji wenyewe kwa kujitolea, faida inarudi kwenye shughuli za mji. Yaani ni kama harambee, ila badala ya kadi ya mchango unanunua sahani ya chakula.

Tarehe hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka kwahiyo angalia kabla hujafunga safari. Fika asubuhi na mapema, manake barabara ya kuingia ni hiyo hiyo moja na ikifika saa tano foleni imeshajaa. Beba keshi. Kupaki, kama kuna mwenyeji anayekodisha uwanja wake mpe yeye hiyo hela, mji huu Septemba 2017 kimbunga Irma kiliujaza maji na matope mpaka ndani ya nyumba za watu, kwahiyo kila dola inayobaki pale ina kazi yake. Mchana jua linawaka vizuri tu lakini jioni baridi inashuka, sweta muhimu. Mbu kipindi hicho ni wachache, uzuri wa kwenda msimu usio na mvua ndio huo.

Haya, tuje kwenye chakula. Utakuta kamba wa kukaanga, samaki, vitumbua vya unga wa mahindi, hadi mkia wa mamba, na kwa wale wasiokula nguruwe ulizeni kabla hamjapokea, maharage na mboga za majani za kule mara nyingi wanapikia na nyama yake. Ila mimi nakwambia tumbo liwekee nafasi kwa ajili ya kaa wa mawe, wenyewe wanamwita stone crab. Huyu haliwi mzima kama kaa wetu wa mikoko, analiwa gando tu. Mvuvi anavuta mtego, anapima gando, lisipofika inchi 2 na 7/8 (kama sentimita 7.3) haliguswi, jike mwenye mayai naye haguswi, linalofika anachomoa kwenye kiungo halafu kaa anarudi baharini akiwa hai. Sio wote wanaopona, lakini anayepona gando linaota tena kadiri anavyojivua gamba, inachukua mwaka au zaidi. Msimu unafunguliwa 15 Oktoba, unafungwa 1 Mei, kwahiyo Februari uko katikati kabisa.

Usishangae ukipewa la baridi. Magando yanachemshwa mapema baada ya boti kufika, kwa sababu ukiligandisha likiwa bichi nyama inanata kwenye gamba na haitoki tena, ndo maana huwezi kuyakuta mabichi sokoni. Kwahiyo baridi sio kiporo!

Kulivunja sasa. Wengi wanaponda kwa nguvu zote halafu wanabaki kutafuna vipande vya gamba, usifanye hivyo. Lishike, lifunike na tishu au kitambaa lisirukie watu, kisha ligonge kwa mgongo wa kijiko kizito au kinyundo wanachokupa, pigo moja tu la uhakika kila sehemu, anza na viungo viwili vidogo vya nyuma halafu ndo uje kwenye gando lenyewe, ukisikia limepasuka acha. Bandua gamba kwa vidole, vuta ile ncha inayochezacheza, nyama inatoka yote nzima, nyeupe, imeshikilia hapo hapo. Chovya kwenye sosi ya haradali na mayonezi, au ndimu tu, mimi naona ndimu inatosha kabisa. Na zile nyama za kwenye viungo msitupe jamani, ndo tamu kuliko zote.

Ukimaliza kula usikimbilie gari. Keti na watu, muulize anayekuhudumia boti yake iko wapi, pengine huyo huyo anayekupakulia ndo ameshinda baharini wiki nzima, na wanapenda kuhadithia. Wenye watoto pandeni boti mkazunguke visiwa vya Ten Thousand Islands, ni mikoko mitupu, mtu wa Lamu au Rufiji atajiona yuko nyumbani. Mbuga ya taifa ya Everglades nayo ilizinduliwa hapo hapo mjini, Rais Truman alikuja mwenyewe Desemba 1947.

Ukitaka ya kubeba nunua kwa wauza samaki wa pale pale, waambie wasikuvunjie, yafunge kwenye mfuko usiopitisha maji uyaweke juu ya barafu, ukifika nyumbani friji, uyamalize ndani ya siku mbili tatu na uvunje pale tu mnapokaa mezani.