Kabla Hujanunua Upinde wa Kwanza wa Shabaha

Ukiwa Mbeya au Iringa, upinde wa shabaha mara nyingi utauagiza bila kuushika kwanza. Kwa hiyo vipimo vichukue nyumbani, kabla hujatuma hela.

Anza na jicho. Nyoosha mikono, kutanisha viganja uache upenyo mdogo, utazame kupitia humo kilele cha mlima, kama Loleza wa Mbeya, macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho mojamoja. Jicho ambalo likibaki wazi peke yake kilele hakihami, hilo ndilo linalotawala. Likiwa la kulia, agiza upinde wa mkono wa kulia, yaani kamba unaivuta kwa mkono huo.

Halafu pima upana wa mikono ukiwa umeinyoosha pembeni, ugawanye kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata 68, karibu inchi 27; huo ndio urefu wa mvuto wake, yaani umbali anaovuta kamba, na upinde wa inchi 66 au 68 utamfaa.

Pesa nyingi hupotelea kwenye nguvu ya kuvuta upinde. Hupimwa kwa ratili, na namba iliyochapwa kwenye bawa la upinde, yaani sehemu yake inayopinda, ni ya kamba iliyovutwa inchi 28. Mtu mzima anayeanza anatosheka na ratili 18 hadi 24. Vijana, hasa wa kiume, huiona namba hiyo ya kitoto wakaruka hadi 40. Hata aliyezoea jembe la Mbozi asidanganyike: kuvuta mara moja ni rahisi, kazi ni kushikilia kamba chini ya kidevu bila bega kupanda, na kurudia hivyo mishale mingi. Upinde mzito hukufundisha kuachia haraka, na tabia hiyo haitoki upesi. Ukiweza, azima wa mtu, uvute, uhesabu polepole hadi kumi. Ukitetemeka, shuka.

Ndiyo maana nashauri upinde wa kufungua, wenye mshikio na mabawa mawili yanayotoka. Misuli ikikomaa unabadili mabawa tu. Ukichukua mshikio wa mfumo wa ILF, kiwango cha pamoja cha kuunganisha mabawa, utaweza kufunga mabawa ya kampuni nyingine. Ule wa mbao wa bei nafuu kwa kawaida hukubali ya kampuni yake tu. Tena upinde wa kufungua huingia kwenye begi la kawaida, jambo la maana ndani ya basi la kutoka Dar.

Mishale usinunue kwa sura. Upinde mwepesi unataka mshale unaonyumbulika, na kwenye mishale ya kaboni namba kubwa, kama 1000, ndiyo laini zaidi kuliko 500. Iwe mirefu kupita mvuto wako kwa sentimita tano hivi. Weka bajeti ya kinga ya mkono, kinga ya vidole na kamba ya kupindia upinde unapouvalisha kamba yake. Juni na Julai, baridi ikikaza, mkono wa sweta nene hunasa kamba, kinga huubana.

Kufyatua bila mshale ni mwiko: mabawa hupasuka.

Mwisho, uwanja. Viroba vilivyoshindiliwa nguo chakavu vinasimamisha mshale vizuri kwa mita kumi, ila nyuma yake pawe na kingo ya udongo, si njia ya watu wa shambani. Na usiubebe kwenda kutembea Kitulo au Ruaha. Kuingia na silaha hifadhini bila kibali ni kosa, hata kama ni ya kulengea karatasi.