Namna ya Kuanzisha Kampuni Huru ya Filamu na Televisheni Nchini Kanada

Anayepita katikati ya Toronto katika majira ya joto huweza kukuta barabara imefungwa, malori yamepangwa ukingoni, na teksi za manjano zenye namba za New York zikingoja kupigwa picha. Mara nyingi hiyo ni kazi ya studio ya Marekani iliyovuka mpaka kufuata unafuu wa gharama, na Wakanada waliopo pale wanalipwa ujira tu; kazi ikiisha, haki zote zinarudi kwa wenyewe. Kampuni huru ya Kanada ni jambo jingine. Hiyo inamiliki hadithi, inaajiri watu, inakusanya fedha kwa jina lake, na haiko chini ya studio wala kituo cha televisheni. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kuanzisha kampuni ya aina hiyo, hasa msemaji wa Kiswahili aliyehamia Kanada akiwa na ujuzi wa kamera, kwa sababu katika sheria za nchi hiyo yapo mambo yanayomkwaza mhamiaji ambayo mzaliwa hakutani nayo.

Anza na usajili, ambao ndio sehemu nyepesi. Kampuni husajiliwa ama katika serikali kuu ama katika jimbo. Sheria ya serikali kuu hutaka angalau robo ya wakurugenzi wawe wakaazi wa Kanada, ilhali jimbo la Ontario liliondoa sharti la namna hiyo mwaka 2021. Lililo zito ni umiliki. Ili filamu yako itambuliwe kuwa ya Kanada, kampuni lazima itawaliwe na Wakanada kwa maana ya Sheria ya Uwekezaji ya nchi hiyo, na maana hiyo ina kona yake: mwenye ukaazi wa kudumu anahesabiwa kuwa Mkanada, lakini akishakuwa na sifa za kuomba uraia, kisha akakaa mwaka mzima bila kuwa raia, hadhi hiyo humponyoka. Wapo wenzetu waliochelewesha uraia kwa sababu ya mali au pasipoti ya nyumbani. Wenye nia ya kumiliki kampuni ya filamu wamwone mwanasheria mapema kuhusu jambo hili.

Ukishapata kampuni mama, usitengeneze filamu ndani yake. Kila filamu au kila msimu wa tamthilia hufunguliwa kampuni tanzu yake, yenye akaunti yake ya benki na vitabu vyake vya hesabu, ili deni la kazi moja lisizame na nyingine, na ili mkaguzi aone kila dola ilikotoka na ilikokwenda. Anayeingia kutoka biashara ya video za harusi na nyimbo za injili, ambako wengi wetu huanzia, huona hayo kuwa urasimu mtupu. Si urasimu. Benki haitakukopesha bila kampuni tanzu hiyo, na hilo tutalifikia.

Sasa tuje kwenye alama, maana hapa ndipo filamu nyingi hufa kabla ya kamera kuwashwa. Ofisi inayoitwa CAVCO, iliyo chini ya wizara ya urithi wa Kanada, hupima kila kazi kwa alama 10. Mwongozaji ana alama 2 na mwandishi wa muswada ana 2. Mwigizaji mkuu wa kwanza, mwigizaji mkuu wa pili, mpigapicha mkuu, mbunifu wa mandhari, mtunzi wa muziki na mhariri wa picha wana alama moja kila mmoja. Alama hupatikana pale tu mhusika anapokuwa raia wa Kanada au mwenye ukaazi wa kudumu. Unahitaji angalau 6, na ndani yake lazima ama mwongozaji ama mwandishi awe Mkanada, vilevile mmoja wa waigizaji wawili wanaolipwa zaidi. Mtayarishaji hana alama, lakini yeye lazima awe Mkanada na awe ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Tuchukue mfano. Umeandika mwenyewe, nawe una ukaazi wa kudumu. Mwongozaji ni rafiki yako aliyeko Toronto kwa kibali cha masomo: zimeondoka alama 2, zimebaki 8. Unamleta mwigizaji mkuu kutoka Nairobi: zimebaki 7. Unataka muziki wa taarabu, na mtunzi unayemwamini yuko Zanzibar: zimebaki 6. Bado umesimama, ingawa ukingoni. Kisha pesa zinapungua, na mtu anakushauri umpe kijana wa Dar es Salaam kazi ya uhariri kwa sababu ni hodari na bei yake ni nafuu. Zimebaki 5, na filamu si ya Kanada tena machoni pa sheria, hata kama kila picha ilipigwa Scarborough, humo humo Toronto. Nimewahi kukaa kwenye meza ya hesabu za filamu moja iliyopita njia hiyohiyo. Fedha zilizookolewa kwenye uhariri zilikuwa elfu chache, na zilizopotea zilikuwa karibu theluthi ya bajeti.

Mwandishi naye ana mtego wake. Alama 2 za muswada hutolewa ikiwa kila aliyeshiriki kuuandaa ni Mkanada. Au, wakishiriki wengine, mwandishi mkuu awe Mkanada na muswada uwe umetokana na kitabu cha Mkanada kilichochapishwa Kanada. Kwa hiyo ukiandika rasimu tatu pamoja na binamu yako aliyeko Mombasa kwa njia ya WhatsApp, kisha ukaweka jina lake kwenye utangulizi wa filamu kwa heshima, umezitoa alama 2 kwa hiari yako. Haki ya binamu isidhulumiwe, lakini iamuliwe mwanzoni, kwa maandishi, nafasi yake ni ipi.

Zaidi ya alama, asilimia 75 ya gharama za huduma za utayarishaji lazima zilipwe kwa Wakanada, na asilimia 75 ya gharama za kazi za baada ya kupiga picha lazima zitokane na huduma zilizofanyika Kanada. Zipo pia aina za vipindi zisizokubaliwa kabisa: habari, michezo ya zawadi, matangazo ya mechi, hafla za tuzo, televisheni ya uhalisia, matangazo ya biashara na filamu za kutangaza kampuni. Tamthilia, katuni na filamu za hali halisi zimo.

Tabu yote hii ina faida gani? Faida yake ni marejesho ya kodi, ambayo hulipwa taslimu hata kama kampuni haikupata faida na haina kodi ya kulipa. Serikali kuu hurejesha asilimia 25 ya ujira unaokubalika, na ujira huo hauruhusiwi kuzidi asilimia 60 ya gharama baada ya kuondoa misaada. Majimbo nayo yana yao: Ontario hurejesha asilimia 35 ya ujira wa wakaazi wake, na mtayarishaji wa mara ya kwanza hupata asilimia 40 kwa dola 240,000 za mwanzo, British Columbia ilipandisha yake kwa kazi za Kanada kutoka asilimia 35 hadi 40 kuanzia mwaka 2025, Manitoba huanzia asilimia 45, na nyongeza zake zikikusanyika zote hufika 65, ndiyo maana mji mkuu wake, Winnipeg, wenye baridi ya kukausha masikio, haukosi watu wenye kamera.

Wengi huzijumlisha asilimia hizi kama vile zinasimama bega kwa bega. Sivyo. Marejesho ya jimbo huhesabiwa kuwa msaada, nayo hupunguza ya serikali kuu. Chukua filamu ya dola 1,000,000, yenye ujira wa dola 500,000, wote wa wakaazi wa Ontario, na tuache kando kile kiwango cha mara ya kwanza. Ontario itarudisha 175,000. Serikali kuu itaondoa hizo kwenye gharama, zibaki 825,000. Asilimia 60 yake ni 495,000, ambayo ni pungufu ya ujira halisi, basi hiyo ndiyo itakayotumika. Asilimia 25 ya hiyo ni 123,750. Jumla ni 298,750, yaani chini kidogo ya asilimia 30 ya bajeti. Andika hesabu hii mwenyewe kwa mkono kabla ya kumpa mhasibu, maana mtayarishaji asiyeielewa hujadiliana na benki akiwa amefumba macho. Kumbuka pia kwamba mkaazi wa Ontario, kwa hesabu hii, ni aliyekuwa mkaazi tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Fundi wa taa aliyehamia kutoka Calgary, katika jimbo la Alberta, mwezi Januari hahesabiwi, hata kama mshahara wake wote ameumaliza Toronto.

Kampuni zinazohudumia filamu za kigeni zina marejesho yao mengine, ambayo kwa serikali kuu ni asilimia 16 ya ujira wa Wakanada, bila alama 10 na bila masharti ya hakimiliki. Kampuni huru nyingi hupokea kazi za namna hiyo ili kulipa pango la ofisi. Hakuna aibu ndani yake, ila miaka hupita upesi, ukajikuta umetengeneza filamu kumi na huna hata moja.

Marejesho yakiwa karibu asilimia 30 ya bajeti, asilimia 70 iliyobaki hutoka wapi? Kwa sinema, mlango mkubwa ni Telefilm Canada, shirika la umma lililoanza mwaka 1967 kwa jina jingine, ambalo lina mpango maalumu kwa wanaotengeneza filamu ndefu ya kwanza. Kwa televisheni upo Mfuko wa Vyombo vya Habari wa Kanada, CMF, ulioanza mwaka 2010 na kulishwa na serikali pamoja na kampuni za kebo na setilaiti. Fedha zake nyingi hazifunguki kwa kuomba moja kwa moja. Ni kituo cha televisheni kinachonunua leseni ya kurusha kipindi chako ndicho hukufungulia njia. Ndiyo maana watayarishaji wazoefu hutafuta kituo kwanza. CMF kwa desturi imedai alama zote 10, si 6, na imekuwa na fungu la kazi zisizo za Kiingereza, Kifaransa wala lugha za wenyeji asilia, jambo ambalo mwenye tamthilia ya Kiswahili hafai kulipita bila kuuliza. Wanunuzi hukutana kwenye tamasha la Banff kila mwezi Juni, na watu wa filamu za hali halisi hukutana kwenye tamasha la Hot Docs mjini Toronto. Ni Hot Docs hiyo ambayo mwaka 2011 ilianzisha, pamoja na kampuni ya Blue Ice, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi walioko Afrika.

Kwa wanaofikiria kushirikiana na kampuni ya nyumbani: Kanada ina mikataba ya utayarishaji wa pamoja na nchi nyingi, zikiwemo Afrika Kusini, Senegal na Moroko, na kazi iliyo chini ya mkataba huhesabiwa kuwa ya kwao pande zote mbili. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha hiyo. Mshirika wako wa Nairobi atabaki kuwa mtoa huduma tu katika hesabu za CAVCO, na gharama zake zipangwe hivyo tangu mwanzo.

Kabla hujamwendea yeyote kati ya hao, kusanya hati za haki. Kila mkono uliogusa hadithi lazima uwe na karatasi yake: mkataba wa mwandishi, mkataba wa kununua haki za riwaya, ruhusa ya aliyesimulia maisha yake. Hadithi ya bibi yako ni ya bure mezani kwake. Siku mjomba aliyeiandika kwenye kijitabu atakapojitokeza, haitakuwa ya bure tena. Bima ya makosa na upungufu, ambayo vituo na wasambazaji huidai kabla ya kupokea kazi, haitolewi bila mnyororo huo wa hati kukamilika.

Marejesho ya kodi hulipwa baada ya kazi, ilhali waigizaji hula leo. Pengo hilo huzibwa na mkopo wa benki unaowekewa dhamana ya marejesho yenyewe na mikataba ya leseni. Benki itataka cheti cha kwanza cha CAVCO, kiitwacho Sehemu A, ambacho huombwa kabla kazi haijakamilika, na haitakukopesha thamani yote. Weka riba ya mkopo huo ndani ya bajeti, ihesabie miezi mingi kuliko unavyodhani. Kwa waigizaji, kama utatumia wanachama wa ACTRA, chama cha waigizaji cha Kanada, mkataba wa pamoja kati ya chama hicho na watayarishaji ndio huamua viwango. Bajeti ndogo zina viwango vyake, hivyo wapigie simu mapema badala ya kuwaficha.

Filamu ikikamilika, kazi ya karatasi haijaisha. Lazima ionyeshwe Kanada ndani ya miaka 2, kwa mkataba wa bei halali na msambazaji wa Kanada, kituo chenye leseni au huduma ya mtandaoni inayokubalika. Kuiweka kwenye chaneli yako ya YouTube na kuwaita jamaa ukumbini hakutoshi. Cheti cha mwisho, Sehemu B, huombwa ndani ya miezi 24 tangu mwisho wa mwaka wa hesabu ambao upigaji picha ulianza, au miezi 42 ukijaza fomu ya kuongeza muda, na muda huo ukipita cheti cha kwanza hufutwa na fedha hudaiwa zirudi. Madai yenyewe huambatanishwa na ritani ya kodi ya kampuni kwa fomu T1131. Na kwa miaka 25 tangu filamu iwe tayari kuuzwa, hakimiliki yake ya biashara haitakiwi kutoka mikononi mwa kampuni yako na washirika wanaokubalika, hivyo mnunuzi wa ng'ambo akikutaka umwuzie filamu moja kwa moja, mpe leseni ya muda, na usome kifungu cha muda huo mara mbili kabla ya kutia sahihi.