Chimba Shimo Kabla ya Kupiga Kamba

Mwezi wa nane mbuga, yaani udongo mweusi wa bondeni, huwa ngumu kama zege. Lori la mchanga linapita bila kuacha alama, fundi anagonga chini kwa sululu na kukuambia, "Hapa hata ghorofa inakaa, mzee." Rudi mwezi wa tatu. Pikipiki imezama nusu tairi, na nyumba iliyoezekwa mwaka jana ina ufa unaoanzia kona ya dirisha hadi chini, kiganja kinapenya.

Fundi hakudanganya. Aliuona udongo siku moja tu, siku ya kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na hauvimbi sawasawa: upande unaopokea maji ya bati hunyanyuka, upande wa mwembe unaofyonza maji hushuka. Ukuta uliokaa katikati ndio unaopasuka.

Kwetu Usukuma mteremko mmoja unaweza kuwa na udongo wa aina kadhaa. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi wa viazi vitamu, karanga na mihogo. Ukishuka unakutana na itogolo na ibambasi, udongo wenye tabaka gumu chini ambalo jembe linadunda. Huko ndiko watu hutengeneza majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa ndiyo mbuga yenyewe, inayofaa dengu kwa unyevu uliobaki baada ya mvua. Katikati ya miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo. Wazee wa hapa walikuwa na majina yao tayari, kwa hiyo unaponunua kiwanja anza kwa kumuuliza jirani mwenye mvi wanapaitaje pale na palikuwa panalimwa nini. Akikuambia palikuwa majaruba, usiharakishe kutoa hela.

Kisha chimba. Shimo la kina cha mita moja na nusu upande wa juu wa kiwanja, jingine katikati, jingine chini. Vibarua wawili, siku moja. Kila rangi inapobadilika chukua udongo kidogo, uloweshe uwe kama unga wa chapati, halafu usukume kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mchanga ni mwingi. Ukifika kati ya hapo na 5, una mfinyanzi wa wastani. Ukivuka 5 bado unaning'inia, huo ni mfinyanzi hasa, na nyumba yako itahitaji msingi wa aina nyingine: kuondoa ule mweusi kama ni wa kina kifupi na kujaza moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, au jamvi la zege lenye nondo. Hapo mhandisi ndiye wa kukupa vipimo, mimi ni bwana shamba.

Kuhusu karo, yaani shimo la maji taka, nina kovu langu mwenyewe. La kwanza nililichimba Septemba, futi nane, kuta kavu, nikajisifu. Aprili maji yalipanda hadi kwenye mfuniko, na tukawa tunaomba choo kwa jirani. Nilipolifukua upya ndipo nikaona nilichokuwa nimepita nacho bila kukitazama: kuanzia usawa wa kiuno, ukuta wa shimo ulikuwa na madoa ya kijivu yaliyochanganyika na rangi ya kutu. Madoa hayo ni alama kwamba maji hutuama pale wakati wa masika. Yanaonekana hata kiangazi, mradi uyatafute.

Usitegemee macho peke yake. Chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho maji taka yatatokea, ukijaze maji, ukiache kilale. Kesho yake jaza tena sentimita 15, simamisha kijiti chenye alama, hesabu dakika maji yanapopungua sentimita 2.5. Yakizidi dakika 60, shimo la kunyonya halitafanya kazi. Afadhali tanki lisilovuja la kunyonywa kwa gari. Yakipungua hivyo ndani ya dakika moja au mbili, usifurahi pia, maana mchanga unaopitisha maji haraka hivyo unayapeleka kisimani kabla hayajachujwa. Karo na kisima viachane angalau mita 30, na chini ya karo pabaki mita 1.5 au zaidi kabla ya kufikia maji ya ardhini. Pima na kwa visima vya majirani. Vijidudu havijui mpaka.

Bustani ndiyo yenye msamaha zaidi. Luseni inataka samadi kila msimu na matandazo, mbuga inataka matuta yaliyoinuliwa. Ibambasi iache. Nimeona watu wakiimwagia chokaa wakidhani ni tindikali, kumbe tatizo lake mara nyingi ni magadi, na chokaa haiyaondoi.

Ukitaka kujua rutuba, peleka udongo maabara; kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro wanapima. Tembea zigizagi, chukua sehemu 15 hadi 20 za kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, punguza ibaki nusu kilo, anika kivulini. Ruka zizi la zamani, kichuguu na mahali palipochomwa takataka. Udongo wa luseni na wa mbuga usiuchanganye kwenye ndoo moja, utapata majibu ya shamba lisilokuwepo. Wala usifungashe kwenye mfuko uliokuwa na mbolea. Kikaratasi cha jina kiandike kwa penseli, kwa sababu wino hufutika unyevu ukiingia.