Kusafisha bayogesi kwa utando: maji ndiyo adui

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumfungia mfugaji mmoja wa nje kidogo ya mji wa Tabora mtambo mdogo wa kusafisha bayogesi. Utando, yaani ngozi nyembamba inayochuja gesi, ndio hutumika pia kwenye gesi asilia: kaboni dioksidi na mvuke wa maji hupenya upesi, ilhali methani, ndiyo gesi inayowaka tunayoitaka, huchelewa na kubaki upande wenye mgandamizo mkubwa. Tofauti ni kwamba gesi ya Songo Songo hutoka kisimani ikiwa karibu yote ni methani, na ya samadi ina takribani asilimia 60 tu.

Hatua ya 1. Ondoa haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, kwa kupitisha gesi kwenye machicha ya chuma yaliyoshika kutu. Yaombe kwa wakereza vyuma. Stilwaya isiyoshika kutu haifai. Machicha yaliyochoka yaloweshe maji kabla ya kuyatoa, kwani yakikutana na hewa hupata moto yenyewe.

Hatua ya 2. Gandamiza gesi hadi baa 8 hivi, kwa kompresa isiyotumia mafuta na iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi inayowaka. Kompresa ya friji siipendekezi hata kidogo.

Hatua ya 3. Kausha gesi baada ya kompresa. Mimi niliikausha kabla tu, nikaridhika, kisha nikahangaika tangu asubuhi hadi alasiri nikitafuta bomba linalovuja, kumbe tatizo ni maji: gesi ikigandamizwa na kupoa huyatema upya. Nilipofungua kasha la utando, karatasi nyeupe niliyoipitisha mdomoni mwake ilitoka na matone yenye utelezi, kwa maana kompresa ya kuazima ilikuwa imetema na mafuta. Basi ipoze gesi kwanza, uyamwage maji, uipitishe kwenye chujio la matone na mkaa amilifu (mkaa maalumu unaonasa mvuke wa mafuta), halafu uipashe nyuzi chache juu ya joto la chujio. Kipande cha bomba kati ya chujio na utando kiwe kifupi na kiwe ndani ya banda, kwa sababu usiku wa Julai, Tabora hupoa kiasi cha kurudisha matone uliyokwisha kuyaondoa.

Hatua ya 4. Fungua polepole vali ya kutolea methani. Ukiibana, methani husafika zaidi lakini nyingi hupotelea upande wa pili. Sehemu ya gesi hiyo iliyopenya waweza kuirudisha kabla ya kompresa, lakini si yote, kwani kaboni dioksidi itakosa pa kutokea; inayobaki uichome.