Jinsi ya Kuadhimisha Majira ya Pasaka Nyumbani: Mwongozo kwa Waumini wa Kimasihi wa Dodoma

Kwa muumini anayemkiri Yeshua, yaani Yesu, kuwa Masihi wa Israeli, Pasaka haiishii katika jioni moja ya chakula maalumu. Ni majira yanayoanza kwa kusafisha nyumba, yanapita katika usiku wa masimulizi, yanaendelea kwa siku saba bila chachu, kisha yanafungua hesabu ya siku hamsini hadi Pentekoste. Familia nyingi za hapa Dodoma hutamani kuyaadhimisha lakini husita, zikidhani kwamba bila mikate ya maboksi kutoka Israeli na vyombo vya pekee jambo hilo haliwezekani. Kutoka 12:8 inataja vitu vitatu tu vya kuliwa usiku ule, yaani nyama ya mwanakondoo, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu. Viwili kati ya hivyo vinapatikana kwetu kwa bei ndogo, na kuhusu nyama kuna neno la kusema baadaye.

Anza na kalenda. Pasaka huangukia katikati ya mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiebrania, ambao huanza mwezi unapoandama, na kwa hiyo usiku wa Pasaka huwa ni wa mbalamwezi. Mwaka 2027 Pasaka itaanza jioni ya Jumatano, tarehe 21 Aprili, jua linapozama, ambapo kwa Dodoma ni baada kidogo ya saa kumi na mbili na nusu. Mwaka huo Pasaka ya makanisa mengi itakuwa imekwisha pita tangu tarehe 28 Machi, kwa sababu kalenda ya Kiebrania itakuwa na mwezi wa ziada. Waelezeni ndugu na majirani mapema na kwa upole, ili tofauti ya tarehe isigeuke kuwa ugomvi wa kifamilia.

Wiki moja au mbili kabla, shughulikieni chachu. Hapa ndipo penye mafundisho mengi, nami nasihi pasiharakishwe. Katika mapokeo ya Kiyahudi, chachu inayokatazwa hutokana na nafaka tano za jamii ya ngano na shayiri. Mikate, maandazi, keki, biskuti na tambi hutoka nyumbani. Uwele, mtama na mahindi havimo katika hizo tano, kwa hiyo ugali wetu unaweza kuendelea kuliwa, ingawa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki wamejizuia kwa karne nyingi hata na mahindi, mchele na kunde. Togwa na pombe ya mtama ni suala la dhamiri. Kwa maoni yangu ni vema kuviacha siku hizo, maana mtoto anayeona kitu kikitoa mapovu katika mtungi hataelewa kwa nini tunasema nyumba haina kilichochachuka. Divai ya zabibu haikatazwi.

Jioni inayotangulia Pasaka, zimeni taa, washeni mshumaa, mpekue nyumba pamoja na watoto. Kwa desturi ya zamani hutumika unyoya na kijiko cha mti. Unyoya wa kuku na mwiko mdogo vinatosha. Wazazi huficha vipande vichache vya mkate ili msako usiwe wa bure, lakini mara nyingi vinavyofundisha zaidi ni vile ambavyo hakuna aliyevificha: nusu ya andazi lililokauka chini ya daftari katika begi la shule, au chembe za biskuti kwenye mfuko wa koti. Mwulizeni mtoto ni nani aliyejua kuwa lipo. Kisha someni 1 Wakorintho 5:6-8, ambapo Paulo anaiita chachu hiyo uovu na ubaya, na kumtaja Masihi kuwa Pasaka wetu aliyekwisha kutolewa sadaka. Kila mtu mzima anyamaze kidogo na kujipekua, na aliye na deni la msamaha kwa mwenzake wa nyumbani alilipe usiku huohuo. Asubuhi vipande vyote huchomwa, na mwenye nyumba hutamka kwamba chachu yoyote ambayo hakuiona ihesabiwe kama mavumbi ya nchi.

Mkate wenyewe pikeni mchana wa siku hiyo. Changanyeni unga mpya wa ngano na maji matupu, bila amira, chumvi wala mafuta. Wengi hushangaa kuambiwa kwamba chapati za kawaida hazifai ilhali hazina amira. Sababu ni kwamba tunaliacha donge lipumzike, na kwa mapokeo unga uliokaa na maji zaidi ya dakika 18 bila kuokwa huhesabiwa kuwa umeanza kuchacha. Kwa hiyo kandeni madonge machache kwa mara moja, sukumeni nyembamba, toboeni kwa uma kila mahali, mweke mara moja kwenye kikaango kilichokwisha pata moto mkali. Mkate hutoka mkavu, wenye matundu na michirizi ya kuungua. Waumini wa Kimasihi huona katika alama hizo maneno ya Isaya 53:5 kuhusu aliyejeruhiwa na kupigwa, na si vigumu kuliona hilo unapoushika mkononi.

Kwa mboga chungu, mchunga ni bora kuliko kitu chochote cha kununua mbali. Nyanya chungu pia zinafaa. Msiuchemshe ukapoteza uchungu. Andaeni bakuli la maji ya chumvi, ambayo hukumbusha machozi ya utumwani, na mchanganyiko mtamu wa tende na karanga zilizotwangwa, unaokumbusha udongo wa matofali ya Misri. Kwa vikombe vinne ambavyo kwa desturi hunywewa jioni hiyo, juisi ya zabibu za Hombolo au Bihawana ni heshima ya kutosha, na watoto watakunywa pamoja nanyi.

Kuhusu nyama, sisitizo langu ni moja: msichinje mbuzi au kondoo mkaiita sadaka ya Pasaka. Ni kweli Kutoka 12:5 inaruhusu mnyama wa kondoo au wa mbuzi, lakini Kumbukumbu la Torati 16:5-6 inakataza kumchinja popote ila mahali alipopachagua Bwana, na Hekalu la Yerusalemu halipo tangu mwaka 70. Wekeni mezani mfupa wa paja uliochomwa uwe ukumbusho. Nafasi hiyo tupu ya sadaka ndiyo inayompa baba au mama wa nyumba fursa ya kusoma Yohana 1:29, na Yohana 19:36 pamoja na Kutoka 12:46, kuhusu mwanakondoo asiyevunjwa mfupa.

Usiku wenyewe uongozwe na maswali. Mtoto mdogo kuliko wote aulize kwa nini usiku huu ni tofauti, kama Kutoka 12:26 inavyotazamia, na baba ajibu kwa kusimulia safari yote kuanzia utumwa hadi Bahari ya Shamu, bila kuruka mapigo kumi. Kisha chukueni mikate mitatu iliyofunikwa kwa kitambaa, mvunje ule wa katikati, nusu yake ifungwe katika kitambaa cheupe na kufichwa. Baada ya chakula watoto huutafuta, na kila mtu hula kipande. Ni desturi ya Kiyahudi ambayo sisi tunasoma ndani yake mwili uliovunjwa, ukavikwa sanda, ukafichwa na kurudi; isomwe hivyo kwa unyenyekevu, bila kuwadharau wale ambao wameitunza kwa vizazi vingi na hawaisomi kama sisi. Kikombe cha tatu, cha ukombozi, hufuata chakula, na wengi wetu hukihusisha na kile cha Luka 22:20. Malizieni kwa Zaburi 113 hadi 118, na kama nyumbani kuna mpiga zeze, apige. Wagogo wanajua kuimba kwa sauti nyingi, na zaburi hizo zinastahili kuimbwa.

Siku saba zinazofuata, hadi jioni ya tarehe 28 Aprili, msirudishe chachu. Ya kwanza na ya saba ni za kusanyiko takatifu, bila kazi ya utumishi (Walawi 23:7-8). Aliyeajiriwa aombe ruhusa mapema.

Ndani ya siku hizo kuna siku ya malimbuko, mganda wa kwanza wa mavuno. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, huhesabu zile siku hamsini kuanzia tarehe 16 ya Nisani, ilhali wapo wanaohesabu kuanzia kesho ya Sabato ya juma, ambayo mwaka 2027 ni Jumapili tarehe 25 Aprili. Mimi nafuata hesabu ya pili, kwa kuwa Masihi alifufuka siku ya kwanza ya juma na Paulo anamwita limbuko lao waliolala (1 Wakorintho 15:20), lakini kusanyiko lifuate hesabu moja. Shayiri hatulimi, ila shamba likiwa limetoa chochote kipya, boga au mahindi mabichi, kipelekeni kikaombewe kisha apewe mjane au jirani asiyevuna. Kuanzia jioni inayoifungua siku hiyo, kila jua likizama familia itaje namba ya siku: leo ya kwanza, leo ya pili, hadi ya hamsini, ambayo kwa hesabu hiyo itaangukia Jumapili, tarehe 13 Juni.